Oda ya Dawa Imekwama kwa Nani?

Mazungumzo ya afisa wa ugavi wa dawa, Idara ya Afya ya Kaunti, mbele ya wanakamati wa usimamizi wa zahanati na vituo vya afya



Nimeombwa nieleze jinsi tunavyopanga ngazi za idhini katika mfumo wa kompyuta wa kuagizia dawa. Najua ukitangaza mada kama hiyo katika baraza la kawaida, nusu ya watu watakumbuka kwamba wana ng'ombe wa kukama. Lakini nawaomba mnivumilie. Mgonjwa anapofika zahanati akaambiwa dawa hakuna, nenda ukanunue duka la nje, sote hukimbilia kumlaumu muuguzi, au KEMSA, au serikali kwa jumla. Mara nyingi dawa imo katika bohari ya KEMSA na muuguzi aliomba kwa wakati. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa katikati kufungua kompyuta na kusema ndiyo. Hapo katikati ndipo ninapotaka tutazame leo.

Wazee mliopo hapa mnakumbuka miaka ya 1980 dawa zilivyokuwa zikija zahanati kwa visanduku vilivyofungwa tayari. Kila zahanati ililetewa sanduku la namna moja. Zahanati ya nyanda za chini inayozungukwa na mbu na zahanati ya mlimani inayosumbuliwa na vikohozi zilipokea dawa zilezile. Huku dawa ya malaria iliisha katika wiki ya pili, kule iliharibika ikiwa bado imefungwa. Utaratibu huo ulikuwa na uzuri wake, kwamba hakuna aliyehitaji kuomba wala kuidhinisha. Baadaye nchi yetu ikageuza mambo, kituo kikawa kinaagiza chenyewe kulingana na mahitaji yake. Basi, kuagiza ni kutumia fedha za umma, na fedha za umma hazitumiwi kwa neno la mtu mmoja. Ndipo ngazi za idhini zilipoingia.

Kisha ikaja Katiba ya 2010. Jedwali la Nne liliweka vituo vya afya na famasia za kaunti chini ya serikali za kaunti. KEMSA ikabaki chombo cha taifa, chini ya sheria yake ya 2013, na mwaka wa 2019 sheria ikarekebishwa kuvitaka vituo vya umma vinunue dawa kutoka kwake. Kwa hiyo tumekuwa na muuzaji na mnunuzi. KEMSA inauza, kaunti inanunua, na hakuna muuzaji mwenye akili timamu anayepakia lori kabla mnunuzi hajasema ndiyo. Swali linalobaki ni hili: mnunuzi ni nani hasa? Ni muuguzi msimamizi wa zahanati? Mfamasia wa kaunti ndogo? Mfamasia wa kaunti? Afisa Mkuu wa Afya, ambaye ndiye hujibu maswali ya wakaguzi wa hesabu? Kompyuta haijui. Itafuata kile tulichoiambia siku tuliyoipanga, na tukiipanga vibaya itatii vibaya, kwa uaminifu mkubwa.

Niwape mfano wa programu moja inayoitwa OpenLMIS. Naichagua kwa sababu imeandikwa wazi, mtu yeyote anaweza kuisoma inavyofanya kazi, na mfumo wanaoutumia majirani zetu Tanzania kwa jina la eLMIS ulijengwa juu yake. Humo, ombi la dawa hupita hatua kama hizi. Mtu wa kituo hulianzisha: hujaza kilichokuwapo, kilichopokewa, kilichotumika na kilichobaki. Akimaliza huliwasilisha. Mtu wa pili hulithibitisha, yaani hutazama kama hesabu inakubaliana na kadi za stoo. Kisha linaingia kwenye idhini, ambayo inaweza kuwa ya mtu mmoja au watu kadhaa, mmoja juu ya mwingine. Wa mwisho akikubali, ombi huachiliwa likawa oda na kuelekea bohari. Yeyote wa katikati akilikataa, linarudi kwa kituo kurekebishwa.

Sasa, anayepanga mfumo hufanya kazi tatu. Huvikusanya vituo katika makundi, tuseme zahanati zote za kaunti ndogo moja. Huweka msimamizi juu ya kila kundi, na msimamizi mwingine juu ya msimamizi huyo. Halafu huonyesha bohari gani italihudumia kundi hilo. Haya yote hufanywa kwa kila mpango wa dawa peke yake, kwa sababu dawa za malaria, dawa za kupunguza makali ya virusi, vifaa vya uzazi wa mpango na dawa za kawaida hazitoki kwenye mfuko mmoja wala hazisimamiwi na mtu mmoja. Mfamasia aliyepewa kundi lake hawezi kugusa oda ya kaunti ndogo ya pili. Hata akijaribu hataiona.

Hadi hapo ni kazi ya fundi, na fundi akipewa maelezo sahihi anaimaliza upesi. Ugumu uko kwenye maelezo yenyewe.

Ngazi ziwe ngapi? Nimekaa katika vikao vya kujadili swali hili, na kila mara nimeona jambo moja. Ukiwauliza wakubwa nani aidhinishe, kila mmoja hujitaja. Hawana nia mbaya. Mtu ameambiwa kwa miaka mingi kwamba sahihi yake ndiyo cheo chake, ukimwondoa kwenye ngazi anahisi umemvua kofia hadharani. Basi ngazi zinaongezeka: msimamizi wa kituo, mfamasia wa kaunti ndogo, daktari msimamizi wa kaunti ndogo, mfamasia wa kaunti, mkurugenzi, Afisa Mkuu. Tuchukue kwamba kila mmoja ni mchapakazi na anamaliza oda kwa siku 5 za kazi tu. Watu 6 kwa siku 5 ni siku 30 za kazi, yaani wiki 6 kamili kabla lori halijawashwa. Zahanati iliyoagiza ikiwa na akiba ya mwezi mmoja tayari imekwisha dawa, na hakuna hata mmoja wao aliyechelewa.

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Na kuna hasara ya pili isiyoonekana haraka. Palipo na waidhinishaji 6, wa pili huamini wa kwanza amekagua, wa tatu huamini wale wawili, na wa mwisho huona sahihi 5 akasema, kama hawa wote wameridhika mimi ni nani? Oda ikaguliwe na watu 6, kumbe haikukaguliwa na yeyote.

Kipimo ninachokitumia mimi ni hiki. Kila ngazi iwe na swali lake ambalo ngazi nyingine haiwezi kulijibu. Muuguzi wa kituo anajibu: tunahitaji nini, na tumebakiwa na nini? Mfamasia wa kaunti ndogo anajibu: idadi hii inalingana na wagonjwa walioripotiwa? Zahanati ikiomba dawa ya malaria ya watu 900 na taarifa yake ya miezi 3 inaonyesha wagonjwa 200, yeye ndiye anayepaswa kushtuka na kupiga simu. Mfamasia wa kaunti anajibu: je, kituo jirani kina ziada tunayoweza kuhamisha kabla hatujanunua, na jumla yote inaingia katika bajeti? Afisa Mkuu anaidhinisha fedha ya oda zote za robo mwaka mara moja, hahitaji kufungua ukurasa wa kila zahanati akahesabu glavu. Ukinionyesha mtu ambaye hana swali lake, nitakuomba umpe ruhusa ya kutazama na kupokea taarifa, umwondolee kitufe cha kuidhinisha. Atajua yote yanayoendelea na hatazuia chochote.

Kwa zahanati na vituo vya afya, ngazi mbili juu ya kituo zinatosha kwa oda ya kawaida. Kwa dawa zenye udhibiti mkali kama morfini, ongeza, hiyo ni haki yake.

Kuna sharti ambalo sikubali lilegezwe: mtu asiidhinishe alichokiomba mwenyewe. Hospitalini hilo ni rahisi, watu wapo. Lakini zahanati nyingi zina muuguzi mmoja, ndiye anayezalisha, anayechanja, anayefagia na anayeagiza dawa. Ukimlazimisha ahitaji mtu wa pili hapohapo kuthibitisha, unajua atafanya nini? Atafungua akaunti mbili zote za kwake. Afadhali mfumo ukubali ukweli kwamba yuko peke yake, uthibitisho upande kwa kaunti ndogo, na kamati ya zahanati ishuhudie hesabu ya stoo mwisho wa robo. Ninyi mliokaa hapa mnaweza kuhesabu makopo kama mtu mwingine yeyote.

Jambo lingine ni majina. Ngazi isiandikwe jina la mtu, iandikwe wadhifa. Watu huhamishwa, hustaafu, akina mama huenda likizo ya uzazi, na wengine huenda masomoni. Iwapo mfumo unamjua mtu badala ya kiti chake, siku akiondoka oda za kaunti ndogo nzima zitamsubiri kwenye kompyuta ambayo hataifungua tena. Kila mwidhinishaji awe na naibu aliyesajiliwa, mwenye akaunti yake na neno lake la siri. Nasisitiza neno la siri lake, kwa sababu sote tunajua desturi ilivyo. Mkubwa akisafiri humwachia karani neno la siri kwenye kipande cha karatasi, na baada ya mwaka ofisi nzima inalijua. Mkaguzi akija kuuliza nani aliidhinisha katoni zilizopotea, mfumo utamtaja mtu aliyekuwa safarini. Kumbukumbu ya kompyuta ina thamani tu pale ambapo jina na kidole ni vya mtu mmoja.

Na oda ikikaa? Mfumo mzuri hutuma ujumbe mfupi kwa mwidhinishaji siku ya kwanza, hukumbusha siku ya tatu, na siku iliyowekwa ikipita humpa taarifa aliye juu yake. Wapo wanaopendekeza oda ijiidhinishe yenyewe ikichelewa. Nawaelewa, wamechoka kusubiri. Lakini siafiki. Mwidhinishaji akijua kwamba kunyamaza ni kukubali, atanyamaza daima, na siku oda ya wizi ikipita atasema hakuikubali yeye. Ni afadhali oda ihamie kwa naibu au kwa mkubwa, pamoja na jina la aliyeikalia na idadi ya siku. Nimeona watu wakifanya kazi haraka sana wakijua jina lao litasomwa kikaoni.

Sasa niingie kwenye jambo linalowaumiza wauguzi zaidi, nalo ni kupunguziwa. Muuguzi anaomba 480, inakuja 240, hajui nani alikata wala kwa nini. Niwaonyeshe hesabu, ni ya darasa la nne tu. Tuseme kwa mfano zahanati hutumia wastani wa dozi 120 za AL, ile dawa ya malaria, kwa mwezi. Tumekubaliana iwe na akiba ya miezi 4. Kwa hiyo inatakiwa kuwa na dozi 480. Stoo imebaki na 90. Ombi ni 390. Mpaka hapo hakuna ubishi.

Lakini tuseme katika ile robo ya siku 90, dawa ilikosekana kwa siku 45. Katika siku 45 ilizokuwapo, zilitumika dozi 180. Mtu wa haraka anagawa 180 kwa miezi 3, anapata 60 kwa mwezi. Anaona muuguzi ameomba kwa hesabu ya 120, anadhani ametia chumvi, anamkata nusu. Kumbe dozi 180 kwa siku 45 ni dozi 4 kwa siku, yaani 120 kwa mwezi, kama muuguzi alivyosema. Akikatwa, dawa zitaisha tena katikati ya robo, na robo inayofuata hesabu itaonekana ndogo vilevile, akatwe tena. Zahanati inaadhibiwa kwa sababu iliwahi kukosa. Katika maisha yangu ya kazi sijaona kosa dogo la hesabu linaloumiza watu wengi kama hili.

Dawa yake iko kwenye mpangilio. Fomu iwe na sehemu ya kujaza siku ambazo dawa ilikosekana, na mfumo ukokotoe wastani kwa siku ilizokuwapo tu. Mwidhinishaji anaporekebisha idadi, ile iliyoombwa ibaki palepale ikionekana kando ya mpya, na asiweze kuendelea mpaka aandike sababu. Sababu hiyo irudi kwa muuguzi. Ikiwa ni bajeti, aandike bajeti. Ikiwa kituo jirani kina ziada, aandike kituo gani na lini itahamishwa. Mwidhinishaji anayejua kwamba neno lake litasomwa hukata kwa uangalifu zaidi.

Kuna oda zisizoweza kusubiri hata ngazi mbili. Mama anavuja damu baada ya kujifungua na oksitosini imeisha. Kipindupindu kimezuka na pakiti za ORS ni za siku mbili. Kwa hizo tunatengeneza njia ya dharura: mwidhinishaji mmoja, aweze kuidhinisha kwa simu yake popote alipo, na maelezo yafuate baada ya dawa kufika. Mara nyingi dawa hiyo haitatoka Nairobi, itatoka hospitali ya kaunti ndogo iliyo karibu kwa fomu ile ya S11 mnayoijua, na mfumo urekodi uhamisho huo. Tafadhali pia mkumbuke kwamba oksitosini hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Ukiituma kwa bodaboda juani bila kisanduku cha baridi, umeokoa muda na kupoteza dawa.

Njia ya dharura ni kama mlango wa nyuma, ukiuacha wazi kila mtu atapitia huko. Nikiona kituo kinaagiza kwa dharura kila mwezi, sianzi na kumkaripia muuguzi. Nataka kwanza nijue njia ya kawaida imeziba wapi. Na nichomekee hapa, kwa heshima zote: waheshimiwa wawakilishi wadi wakati mwingine hupiga simu kutaka zahanati ya kwao itangulizwe. Simu hizo tunazipokea kwa adabu, lakini mfumo hauna kitufe cha simu ya mheshimiwa.

Nisiwadanganye pia. Kaunti ikiwa na deni KEMSA, oda iliyoidhinishwa kwa siku moja itakaa palepale. Deni la kaunti kwa KEMSA ni jambo ambalo nchi nzima imelisikia. Hakuna ngazi ya idhini inayolipa deni. Ndiyo maana nasisitiza mfumo utenganishe maneno mawili: “inasubiri idhini” na “inasubiri malipo”. Yakichanganywa, mfamasia hulaumiwa kwa kosa la hazina, na hazina hujificha nyuma ya mfamasia. Mwananchi ana haki ya kujua oda yake imekwama mlango upi. Sheria ya 2023 ya ufadhili wa uboreshaji wa vituo nayo imevipa vituo vya umma nafasi ya kubaki na mapato vinayokusanya, na pesa hizo zikitumika kununua dawa, zinahitaji ngazi yake ya idhini, iliyo fupi na iliyo karibu na kituo. Msikubali kuunganishiwa njia hizo mbili kiasi kwamba shilingi ya kituo isubiri sahihi ya makao makuu.

Ninyi kama kamati hamchagui dawa wala hamwamuru mfamasia. Lakini kila kikao cha kamati, mwombeni muuguzi msimamizi afungue mfumo awaonyeshe ukurasa wa oda ya mwisho. Tazameni tarehe iliyowasilishwa, iko mkononi mwa nani leo, imepunguzwa wapi na kwa sababu gani. Andikeni tarehe hizo katika kumbukumbu za kikao. Mkiona oda imekaa kwa mtu zaidi ya muda uliowekwa, pelekeni barua kwa daktari msimamizi wa kaunti ndogo na nakala kwa Afisa Mkuu, mtaje namba ya oda, msitaje hasira. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na habari za oda ya dawa si siri ya jeshi.

Lori likifika, wanakamati wawili wawepo. Katoni zihesabiwe kwa kulinganisha na hati ya mizigo iliyokuja na dereva, na tarehe za mwisho wa matumizi zisomwe kabla hajaondoka. Muuguzi aingize mapokezi kwenye mfumo siku hiyohiyo. Ambako intaneti haishiki, aandike kwenye kadi ya stoo na kuingiza pindi atakapofika mjini, lakini isipite wiki, maana dawa iliyopokewa na haijaingizwa huonekana kama haikuja, na oda inayofuata itakuwa ya uongo tangu mstari wa kwanza.

Nimesema ya kutosha. Naona mama wa safu ya nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja bodaboda, tuanze na swali lake.